Mwalimu wa Kaswida Aliyetafuta Sauti ya Chini

Katika watu ambao Mwenyezi Mungu amenijalia kuishi nao karibu, namshukuru sana kwa ajili ya mwalimu wetu wa kaswida. Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa, na hapa mtaani kwetu Cibitoke hata watoto wake wa kuwazaa walimwita Mwalimu. Sasa amehamia Kigoma kwa binti yake. Wanaokuja kwa boti huniletea salamu zake, nami huwapa zangu wampelekee, na katikati ya salamu hizo napata siku nyingi za kumkumbuka.

Mchana alikuwa deklaranti bandarini, yaani mtu anayewatolea wafanyabiashara mizigo yao forodhani. Jioni alifundisha kaswida katika madrasa yetu. Watoto walimsifu Mtume kwa midomo yao na kwa dufu, bila ala nyingine, maana ndivyo wazee wa kamati ya msikiti wetu walivyoamua zamani. Wanazuoni wametofautiana katika jambo la ala, na iko misikiti ambayo kaswida zake zina kinanda. Sisi tulibaki na sauti na dufu, na hatukuwalaumu wengine. Mimi ni mmoja wa kamati hiyo. Nafundisha fikihi watu wazima baada ya magharibi, na kwa sababu hiyo maswali ya namna hii huishia mlangoni kwangu.

Alikuwa mtu wa kuchelewa. Meli ikitia nanga jioni, yeye alibaki huko mpaka tajiri wake aone mzigo, na siku za shida ya mafuta alirudi kwa miguu, vumbi limemfika magotini. Hata hivyo hakumvumilia mtoto aliyechelewa. Siku moja mvulana mmoja alithubutu kumwambia, "Mwalimu, na we umechelewa."

"Mi nimechelewa sababu ya meli," akajibu. "We uko na meli?"

"Apana, Mwalimu."

"Basi kaa chini."

Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mpakuzi wa mizigo bandarini, akasema taratibu bila kuinua macho, "Baba anapakua ile meli. Yeye amerudi zamani, amekula, amelala." Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo alimpa yule msichana aongoze beti zote.

Ndivyo alivyokuwa. Alisisitiza subira, na mwenyewe alikunywa chai ikiwa inachemka kwa kushindwa kuisubiri ipoe, kisha akaulalamikia ulimi wake. Aliwakataza watoto kujisifu, lakini ukimwambia kwamba kanzu yake imenyooshwa vizuri, angepita mbele yako mara ya pili. Alikuwa mkali kwa jambo la haki za watu. Mara moja nilimwona akirudi kutoka kona ya mbali, katikati ya jua, kumrudishia muuza maandazi chenji aliyozidishiwa. Na mtu huyohuyo, kwenye foleni ya maji, alijua kusalimia watu wa mbele kwa ukarimu mwingi mpaka ndoo yake ikajikuta imefika bombani.

Lakini aliyemjua kwa kweli alimjua kwa sauti. Walimu wengi wa kaswida huimba juu, wasikike, na watoto wawafuate. Yeye aliimba chini. Alikaa pembeni, miguu ameikunja, macho ameyafumba, akashika noti moja ya chini na kuivuta muda wote watoto wakiimba. Mgeni angeweza kudhani haimbi, anaguna tu. Akinyamaza kidogo kumrekebisha mtoto, ndipo ulipojua kazi aliyokuwa akiifanya. Sauti za watoto zilianza kupanda bila wao kujua, taratibu, na kufika ubeti wa mwisho walikuwa juu kiasi cha kukwaruza, wadogo wamekata tamaa, wakubwa wanapiga kelele.

"Shukeni," aliwaambia. "Mutoto akiogopa, anapanda. Shuka, usikilize mutu wa chini anasema nini."

Kisha ukaja mwaka ambao koo lake lilianza kukwama. Alidhani ni mafua. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akasomewa. Mwishowe alikwenda kwa daktari, na daktari akamwambia kuna kitu kimeota kwenye nyuzi za koo, si kitu cha kuua, alhamdulillahi, lakini lazima apumzishe sauti, baadaye afanyiwe upasuaji, na huenda ile ya chini isirudi. Alinieleza haya kwa mnong'ono tukiwa tumesimama nje ya msikiti.

"Mi nimeambiwa ninyamaze," alisema. "Miaka yote muke wangu ananiombea hii kitu. Leo amepata."

Nilicheka, naye akacheka bila sauti. Kisha akaacha. "Shehe, Maulidi inakuja. Nani atashika chini?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua, wala si koo. Watoto wale walikuwa wengi wao watoto wa mafundi na wachuuzi, na Maulidi ya mtaa ndiyo siku pekee ambayo wazazi wao walikaa kitako kuwasikiliza. Bila mtu wa chini wangeimba na kupotea mbele ya mtaa mzima. Alijaribu kijana mmoja aliyekwisha kuvunja sauti, lakini sauti ya kijana yule ilikuwa bado inacheza, leo ya mwanamume, kesho ya mbuzi. Akajaribu baba wa mtoto mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kifua kama pipa, na huyo akashindwa kukaa kwenye noti moja kwa urefu wa ubeti.

Aliyemwonyesha njia nyingine alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mkristo, mpiga kinanda wa kanisa lake. Wawili hawa walitaniana kila siku, na kila Idi na kila Noeli sahani zilipita juu ya ukuta ule. Jirani alimweleza kwamba siku hizi mtu hahitaji kinanda chenyewe. Kuna programu unayoiweka ndani ya kompyuta, wao wanaiita sintesaiza, nayo inakutengenezea sauti unayoitaka: ya chini, ya juu, ya filimbi, ya kengele, na sauti ambazo hakuna ala duniani inayozitoa. Unaipa noti, inaishika mpaka uiambie iache. Haichoki wala haikohoi.

Mwalimu alikuja kwangu jioni ileile.

"Shehe, sauti kama inatoka kwa mutu, lakini imepita mu ordinatere, ni ala ao ni mutu?"

Nilimwambia sijui kama kupita kwenye kompyuta kunaigeuza kuwa ala, na kwamba nitaangalia.

"Angalia polepole," alisema. "Ila usiangalie polepole sana."

Alinunua kompyuta kuukuu kwenye duka moja la mtaa wa Rohero, akaanza kutafuta, na mimi nikaanza kuelewa tabia yake kuliko miaka yote ya nyuma. Kazi ya bandarini ilikuwa imemfundisha kutoamini maandishi ya juu ya boksi. Alikuwa akisema, "Imeandikwa sabuni. Bon. Fungua tuione hiyo sabuni." Kwa hiyo nilitegemea atachagua sintesaiza kama anavyokagua mzigo. Haikuwa hivyo. Mbele ya jambo jipya alikuwa kama sisi sote: alitaka kikubwa, kizuri, chenye kila kitu ndani yake.

Kijana mmoja mwenye studio mjini alimwahidi programu nyingi, akampa kle, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, ikiwa imejaa. Mwalimu aliirudisha bila kuifungua alipojua kwamba ni mali ya watu, imevunjwa kufuli.

"Mi nashinda bandarini nawaambia watu walipe ushuru," alimwambia kijana, "jioni nimusifu Mtume na kitu ya wizi?"

"Mwalimu, kila mutu anafanya hivyo."

"Nayo ushuru kila mutu anasema hivyo."

Basi akatafuta za bure, zile ambazo waliozitengeneza wameziachia watu wazitumie kwa halali. Zipo, na ni nzuri, na alimwombea dua kila mtu asiyemjua aliyekaa kuzitengeneza. Ya kwanza aliyoipenda ilikuwa kubwa mno. Jirani ndiye aliyeisifia, kwamba ina maelfu ya sauti zilizo tayari, huna la kufanya ila kuchagua. Kompyuta ile kuukuu iliibeba kwa shida, feni yake ikanguruma kama pikipiki, na sauti ikawa inakatika kama mtu anayezungumza kwa simu yuko njiani kupanda milima ya Bugarama. Wiki nzima alikaa na ekuteri masikioni akipitia zile sauti, moja baada ya nyingine. Nilipomuuliza amefika wapi alinijibu, "Sijafika. Natembea sokoni tu. Kila kitu nzuri, na mi sijanunua chumvi."

Katika kutembea huko ndipo alipokutana na sauti iliyoandikwa jina la kwaya. Akafurahi: ni sauti ya watu, imo ndani, ya chini, nzito, imekamilika. Hakuifungua boksi. Aliiingiza madrasani siku ileile, akawaambia watoto wajiandae, akabonyeza.

Nilikuwapo. Chumba kilijaa sauti ya wanaume wengi wakiimba "aaa" kama wako ndani ya jengo la mawe lenye dari refu. Watoto walianza kaswida yao, wakafika nusu ya ubeti, wakaacha. Wakatazamana. Mdogo mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ni misa?"

Kabla hajajibiwa, jirani akachungulia mlangoni, kitambaa cha kufutia mikono begani. "Mwalimu, mumehamia kwetu na hamujaniambia? Ningelipika."

"Ingia," Mwalimu alimjibu kwa ile sauti yake iliyochakaa. "We ndiye umeleta hii. Kaa hapo, uambie hawa watoto sala yenu inamalizika saa ngapi."

Watoto walilala chini kwa kicheko. Hata mimi nilijifuta machozi. Lakini nilimtazama Mwalimu, na niliona kwamba katikati ya kicheko chake mwenyewe alikuwa amejifunza jambo. Aliizima, akakaa, akasema zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, "Hii sauti ni ya watu, lakini si watu wetu. Haitujui."

Kesho yake alifuta ile programu kubwa. Nimefikiri sana juu ya jambo lile, maana nimeona wanafunzi wangu wa fikihi wakifanya kosa lilelile. Anayeanza huja anatafuta kitabu kikubwa kuliko vyote, akidhani ukubwa wa kitabu utamhamia. Hubeba kitabu, hasomi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba anayeanza asiulize ni ipi iliyo bora, kwa kuwa hana sikio la kujibu. Aulize ni ipi anayoweza kukaa nayo kila siku bila kuichoka, ambayo kompyuta yake inaibeba, na ambayo kifungo kimoja akikizungusha anasikia kilichobadilika. Kisha akae nayo peke yake. Asiitazame nyingine mpaka aijue hiyo.

Aliyoichagua mwishowe ilikuwa ndogo, ya bure, ya rangi ya kijivu, haina picha ya kupendeza wala orodha ndefu ya sauti. Jirani alipoiona aliguna. "Hii? Hii ni kama redio ya babu."

"Voilà. Babu alisikia habari zote na hiyo redio."

Aliifungua ikiwa tupu, haina sauti yoyote iliyotayarishwa, ila mlio mmoja wa kuwasha masikio kama nzi ndani ya kopo. Kutoka hapo akajifunza. Alijifunza kifungo kinachoondoa ukali, mlio ukabaki na mwili wake. Alijifunza kwamba sauti ina namna yake ya kuingia na namna yake ya kutoka, na kwamba ikiingia ghafla inamshtua mtoto, na ikiingia taratibu inamkaribisha. Jambo hili lilimfurahisha kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa akilifundisha kwa kinywa miaka yote na hakujua kwamba lina kifungo chake. "Shehe, ni pumzi," alininong'oneza akinionyesha mstari mdogo kwenye kioo. "Waliotengeneza hii walisikiliza mutu akipumua."

Na programu ile ndogo ilikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko yote: ulikuwa unaweza kuacha mlio wake kabisa na kuilisha sauti yako mwenyewe uliyoirekodi, nayo ikaishika, ikairefusha, ikaipandisha na kuishusha.

Jirani alielewa mara moja. "Rekodi yako sasa, Mwalimu. Ile noti ya chini, hiyo imebaki kidogo. Kabla daktari hajakukata. Watoto watakuwa nayo siku zote."

Mwalimu alitikisa kichwa.

"Kwa nini apana?"

"Mi nitakaa hapa nakohoa, na mi mwingine iko mu ordinatere anaimba vizuri? Watanidharau." Alisema hivyo kwa mzaha, kisha akatulia. "Na siku nikiondoka? Watakuwa wanafuata mutu ambaye hayuko. Apana. Sauti yangu Mungu amenipa, akitaka kuichukua aichukue yote."

Nilimwona akikunja na kukunjua waya wa maikrofoni vidoleni mwake kwa muda, kisha akainuka akaita watoto.

Aliwaingiza mmoja mmoja katika stoo ya madrasa, ambamo huwekwa mikeka ya akiba, kwa sababu mikeka ilimeza mwangwi. Kila mtoto alitakiwa kutoa "aaa" moja, ndefu, bila kujitahidi. Haikuwa kazi nyepesi. Mmoja alicheka kila aliposhika pumzi. Mwingine aliuliza kama malaika wanasikia humo ndani. Yule msichana wa baba mpakuzi alitoa sauti safi mara ya kwanza, akasimama kungoja sifa, na Mwalimu akamwambia tu, "Haya, toka, mwingine."

Alizichanganya sauti zile zote, akazishusha. Siku chache baadaye aliniita. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Alibonyeza, na ikatoka sauti ya chini, pana, yenye mkwaruzo kidogo, kama wazee wengi wanaoguna pamoja wakikubaliana jambo. Haikuwa na dari la mawe. Ilikuwa na kitu cha mtaani kwetu ambacho sijui nikielezeje.

"Hawa ni nani?" mtoto mmoja akauliza.

"Ni nyinyi," Mwalimu akanong'ona.

"Uongo."

"Ni nyinyi mukizeeka."

Hakuna aliyecheka. Walisikiliza, na baadhi yao walikuwa wamefungua vinywa. Nilimkumbuka Mola wangu hapo, nikamshukuru kwa kunifikisha umri huu nikiwa na masikio mazima. Kisha watoto wakaimba juu ya wazee wale, na hawakupanda hata kidogo mpaka ubeti wa mwisho.

Sasa swali lilikuwa langu. Kamati ilikutana, nikaileta kompyuta, wakasikiliza. Mwenzetu mmoja, mwenye duka la vitenge, alisema, "Leo ni sauti. Kesho mutaleta gitaa mutuambie ni sauti ya kuku." Mwingine alisema kwamba hiyo ni midomo ya watoto wetu, imeumbwa na Mungu, mashine imeishika tu kama kipaza sauti kinavyoishika adhana. Walibishana kwa heshima, kisha wakanigeukia.

Sikuona haya kuomba muda. Nilisoma nilivyoweza, nikawauliza walionizidi, na sikupata mtu wa kunikatia shauri. Mwishowe nilisema lile ambalo moyo wangu ulitulia juu yake. Katika kufundisha, chombo kile kitumike, kwa kuwa kinamwonyesha mtoto njia, na hakuna ubaya katika kuonyeshwa njia. Lakini siku ya Maulidi, mbele ya watu, tuimbe kwa midomo iliyopo na kwa dufu, kama tulivyoahidiana. Wote waliridhika, hata wa duka la vitenge.

Aliyebaki kuambiwa alikuwa Mwalimu. Nilimkuta madrasani peke yake na watoto, wanasubiri kuanza. Alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wakati huo, na ile sauti haikurudi, kama daktari alivyohofia. Kilichobaki kilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake. Nilikaa mbele yake nikamweleza kila kitu, na sababu zangu, bila kuficha kwamba sikuwa na yakini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira usoni mwake. Alitazama watoto, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Nani atashika chini?" akauliza.

Nikamjibu kama tunavyojibu sisi watu wa dini tunapokosa la kusema. "Mungu ataleta mtu."

"Amemuleta," akanong'ona. "Vua viatu, Shehe. Kaa hapa."

Nilidhani anatania. Nilimwambia mimi ni mzee, sijaimba kaswida tangu nikiwa chuoni, sijui noti.

"Mi nasimama nyuma yako kila siku mu sala. Unasema *Amin*, ukuta unatetemeka. Uko chini kunishinda. We umesema mashine isiingie Maulidi. Bon, ingia wewe."

Watoto walifurahi kupita kiasi. Walisogea kunipa nafasi kwenye mkeka, na yule msichana wa baba mpakuzi akaniambia kwa upole wa mwalimu, "Shehe, usiogope. Ukiogopa utapanda."

Basi mimi, ambaye watu huniuliza halali na haramu, nikawa mwanafunzi wa mwisho kabisa wa madrasa ile. Jioni baada ya jioni Mwalimu alifungua kompyuta, akanipa ile sauti ya watoto waliozeeshwa, na mimi nikaitafuta. Siku za mwanzo pumzi ilinikatikia katikati ya ubeti. Nilipanda. "Shehe anapanda," watoto walisema, na Mwalimu alishusha kiganja chake hewani, taratibu, mara nyingi, bila kuchoka, yule mtu aliyeshindwa kungoja chai ipoe. Nilijifunza kupumua kabla sijahitaji pumzi. Nilijifunza kutoisikiliza sauti yangu, niisikilize ile ya kwenye kompyuta na kukaa ndani yake. Ilikuwa ajabu kwangu kuongozwa na sauti za watoto walioketi mbele yangu, zikinijia kutoka uzee ambao wao hawajaufikia.

Siku ya kumalizia kabla ya Maulidi, Mwalimu alifungua kompyuta kama kawaida, nasi tukaimba kaswida zote, moja baada ya nyingine, bila kusimama. Nilifumba macho. Watoto walikuwa juu yangu, dufu linapigwa, na ile sauti ya chini ilinizunguka pande zote, imetulia, haina shaka. Nilihisi kwamba nimepumzika juu yake kama mtu aliyeegemea ukuta. Tulifika ubeti wa mwisho, watoto wakauvuta, wakauacha, na mimi nikaendelea kidogo peke yangu kisha nikaacha.

Nilipofumbua macho watoto wote walikuwa wananitazama. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni, miguu ameikunja, mikono yake yote miwili imelala mapajani. Kompyuta ilikuwa mbele yake imefungwa, na juu ya kifuniko chake kulikuwa na kikombe cha chai ambacho hakitoi tena mvuke.

"Umeifunga saa ngapi?" nikamuuliza.

Alikinyanyua kikombe, akanywa.

"Tangu kaswida ya kwanza," akanong'ona.